Pete ya dhahabu Mwanza: jinsi ya kuinunua bila kupumbazwa na taa za duka

Nilikaa nyuma ya kaunta ya duka la sonara katikati ya jiji la Mwanza kwa miaka minne. Kazi yangu ilikuwa kufungua makabati asubuhi, kupanga trei, kufuta alama za vidole kwenye vioo kutwa nzima, na kuuza. Niliona wateja wa kila namna, ila kundi moja lilinifundisha kuliko hata tajiri wangu: wanunuzi wa dhahabu wanaotoka Geita, kwenye migodi. Kijana mwenye uchumba akiingia dukani, macho yanakwenda moja kwa moja kwenye kabati la katikati, mdomo unabaki wazi kidogo, nami najua hapo biashara ipo. Mtu wa Geita anaingia, anasema "Mwangaluka," salamu ya Kisukuma, anaomba pete iliyo karibu, hata kama si anayoitaka, anaigeuza kuangalia tumbo lake la ndani, kisha anauliza neno moja: "Gramu?"

Mwongozo huu ni wa kununua kama yeye. Si lazima uwe umewahi kushuka kwenye duara la mgodi. Duka la vito limepangwa ili upende kwanza, uvae, ujitazame kwenye kioo, na bei uisikie mwisho kabisa, wakati pete imeshazoea kidole. Wewe geuza mpangilio huo. Muhuri kwanza, mizani ya pili, kioo baadaye.

Kazi ya kufanya nyumbani

Anza na fedha. Kila wiki nilikuwa naulizwa, "Eti kaka, pete ya uchumba inatakiwa iwe mishahara miwili?" Haitakiwi. Kanuni hiyo haikutoka kwa wazee wa kabila lolote, ilitoka kwenye matangazo ya kampuni ya almasi ya De Beers, yaliyoenea miaka ya 1980. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyoanza kuuambia ulimwengu kwamba almasi ni ya milele, maneno yaliyoandikwa mwaka 1947 na mwandishi wa matangazo wa Marekani, Frances Gerety. Alifanya kazi yake vizuri. Lakini hakujua kwamba Usukumani mahari bado inahesabiwa kwa ng'ombe, na kwamba baada ya pete kuna sendofu, ukumbi, na kamati ya harusi inayokukaba kila Jumapili.

Panga kiasi chako, kiandike, halafu ukifika dukani usikitaje. Ukisema "nina milioni na nusu," utaonyeshwa pete za milioni moja na laki nane, kwa upole sana. Sema hivi: "Naomba pete ya karati 18, isiyozidi gramu nne." Sentensi hiyo peke yake inabadilisha namna muuzaji anavyokaa kwenye kiti.

Jambo la pili ni bei ya siku. Bei ya dhahabu duniani hutajwa kwa dola kwa wakia, na wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, si gramu 28 na kidogo za mapishi. Watu wengi hukosea hapo. Chukua bei ya wakia, gawanya kwa 31.1, zidisha kwa thamani ya dola kwa shilingi, unapata bei ya gramu moja ya dhahabu safi. Iandike kwenye karatasi moja na bajeti yako. Tutaihitaji.

La tatu ni kidole. Usipime kwa uzi, uzi unanyumbulika. Kata ukanda mwembamba wa karatasi, zungusha kwenye kidole, weka alama zinapokutana ncha, kisha pima kwa rula ya milimita. Ukipata milimita 54, gawanya kwa 3.14, unapata kipenyo cha kama milimita 17.2, ambacho kwa namba za Kimarekani ni saba. Pima mchana au jioni, si alfajiri, kwa sababu kidole cha asubuhi ni chembamba. Usipime ukiwa umetoka kula samaki wa chumvi. Na pima kwenye kifundo pia, maana pete lazima ipite pale kabla haijafika nyumbani kwake. Pete ikiwa pana sana, ongeza nusu namba.

Kama ni ya kumshtukiza mtu, iba pete yake moja anayovaa kidole hichohicho, lete dukani, rudisha kabla hajaitafuta. Msaidizi wako hapo ni mdogo wake wa kike. Wadogo wa kike ndio walionisaidia kuuza pete nyingi kuliko tangazo lolote.

Ukivuka mlango wa kioo

Nenda asubuhi ya siku ya kazi. Jumamosi mchana maduka yamejaa kamati nzimanzima, na muuzaji hana muda wa kukupimia kitu mara mbili.

Nje kuna jua, honi za bodaboda na machinga anayeuza soksi. Mlinzi anafungua mlango, kiyoyozi kinakupuliza usoni, kelele zinakatika ghafla. Jasho linakauka. Unaanza kuongea kwa sauti ya chini bila kuambiwa. Hiyo ni hatua ya kwanza ya mauzo, na bado hujaona pete hata moja.

Kisha taa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi za wateja zilipopotelea. Juu ya dhahabu tulikuwa tunafunga taa za mwanga wa njano, unaoifanya dhahabu hafifu ionekane nzito na ya zamani. Juu ya mawe meupe tulifunga taa nyeupe zenye kaubuluu kwa mbali. Tena hazikuwa taa moja kubwa. Zilikuwa nyingi, ndogondogo, kila moja kama tochi. Jiwe lililochongwa pande nyingi hurudisha kila taa kama cheche yake. Taa thelathini, cheche thelathini. Ukitikisa kidole kidogo zinakimbizana. Nyumbani kwako sebuleni una taa moja ya dari yenye mwanga uliotawanyika. Pete ileile, iliyokuwa inawaka moto dukani, pale kwenye kochi inakaa kimya kama kipande cha chupa. Wateja walikuwa wanarudi wakilalamika kwamba tumewabadilishia jiwe. Hatukuwa tumebadilisha kitu. Tulikuwa tumebaki na taa.

Dawa yake ni mlango. Omba kuitazama pete karibu na mlango au dirisha, kwenye mwanga wa jua usio wa moja kwa moja. Muuzaji mkweli atakuja nawe, mlinzi akiwa amesimama pembeni, wala usione vibaya, ndiyo kazi yake. Kisha omba kuitazama chini ya kivuli cha mkono wako. Jiwe zuri bado linaonyesha uhai kwenye kivuli.

Mambo mengine ya dukani nitayataja haraka. Kitambaa cheusi cha mahameli hufanya kila kitu king'ae. Trei huletwa na pete tatu: moja ghali kupita kiasi, moja ndogo ya kukutia aibu, na ya katikati ambayo ndiyo tunataka kuiuza. Soda ya baridi si hila, ni ukarimu, ila ukishakunywa unaona haya kuondoka mikono mitupu. Kunywa tu. Kisha ondoka kama hujaridhika. Kitabu cha bei kufichwa chini ya kaunta ni hila halisi: kila pete isiyo na kibandiko cha gramu, uliza gramu zake kabla ya kuivaa.

Nenda na mtu mmoja mtulivu. Shangazi anafaa kuliko rafiki, kwa sababu rafiki atasema "imekupendeza" na shangazi atasema "mbona nyepesi."

Muhuri

Ndani ya pete, au kwenye kifungio cha cheni, kuna namba ndogo iliyopigwa. Omba lenzi ya kukuzia. Kila duka la sonara linayo. Dhahabu safi ni karati 24. Karati nyingine zote ni hesabu ya sehemu kati ya hizo 24: karati 18 ni 18 kwa 24, yaani robo tatu, ndiyo maana muhuri wake ni 750, sehemu 750 za dhahabu katika kila elfu. Karati 22 ni 916. Karati 21, inayopendwa kwenye vito vya Uarabuni, ni 875. Karati 14 ni 585, na karati tisa ni 375, ambayo zaidi ya nusu yake ni madini mengine. Fedha nzuri ina 925. Ukikuta herufi GP karibu na namba, kitu hicho ni cha kuchovya: juu dhahabu nyembamba kama pumzi, ndani chuma kingine.

Karati kubwa haimaanishi pete bora. Karati 22 ni laini. Nzuri kwa mkufu na bangili za kuweka akiba, lakini pete ya kila siku ya mtu anayefua kwa mkono au kupanga kreti itapinda, na kucha zinazoshika jiwe zitalegea. Kwa pete yenye jiwe mimi nachagua 18 bila kufikiri mara mbili. Na dhahabu nyeupe, usije ukauziwa kama madini ya ajabu: ni dhahabu iliyochanganywa na madini meupe, kisha ikapakwa rodiamu ili ing'ae. Rodiamu hiyo huchakaa, na baada ya mwaka mmoja au zaidi pete huanza kuonyesha umanjano upande wa kiganja. Uliza mapema kupaka upya ni shilingi ngapi.

Sasa ukweli mchungu. Muhuri ni neno la aliyeupiga. Uingereza hupigwa na ofisi huru zinazopima kwanza. Vito vya India vina alama ya BIS, shirika la viwango la huko, pamoja na msimbo wa herufi na tarakimu, sita kwa jumla, na vito vingi vinavyouzwa huku Kanda ya Ziwa hutoka India na Dubai, kwa hiyo alama hiyo izoee. Lakini nyundo ndogo ya kupigia 750 inauzwa, na mtu yeyote anaweza kuwa nayo.

Hilo nililijua kwa gharama yangu. Kabla sijaajiriwa dukani, nilimnunulia mdogo wangu cheni ya sendofu kwenye kiduka cha mji mwingine. Ilikuwa na 750 safi kabisa kwenye kifungio, na muuzaji alinifungia kwenye kiboksi chekundu chenye utepe. Mwezi wa tatu shingo ya mdogo wangu ikaanza kuweka alama ya kijani. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee. Hakusema kitu. Alisugua cheni kwenye jiwe jeusi mpaka ikaacha mstari wa dhahabu, mstari mzuri tu, nikapumua. Kisha akachukua tupa, akakwaruza kidogo mahali pa kificho, akasugua tena hapo, akadondosha tone moja la asidi. Mstari wa pili ukachemka povu la kijani na kutoweka. Shaba ya njano. Kifungio peke yake ndicho kilikuwa cha dhahabu. Muhuri haukuwa wa uongo, ila ulikuwa unasemea kifungio tu.

Kwa hiyo: ukinunua cheni, taka ipimwe mwilini, si kwenye kifungio. Duka kubwa linaweza kuwa na mashine ya mionzi inayosoma karati ndani ya sekunde chache bila kukwaruza. Jiwe na asidi vinatosha kama fundi anakwaruza kabla. Sumaku ya kwenye simu haitoshi, kwa sababu shaba nayo haivutwi na sumaku. Hiyo ya kung'ata kwa meno waachie wacheza sinema.

Makoroboi, hapa Mwanza, pale chini ya mawe, mafundi walikuwa wanatengeneza vibatari kutokana na makopo mpaka mtaa ukachukua jina hilo. Shaba na bati vikisuguliwa vizuri vinang'aa. Kung'aa ni kazi ya mikono.

"Gramu?"

Mizani ya sonara inapaswa kuonyesha desimali mbili za gramu. Angalia kama ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Angalia pia inaanzia sifuri kabla pete haijawekwa. Sahani ya mizani isiwe na kitambaa juu yake baada ya kusawazishwa.

Sasa chukua ile karatasi yako. Hesabu hii ni ya mfano, siyo bei ya leo. Tuseme gramu ya dhahabu safi ni shilingi 300,000. Gramu ya karati 18 ni robo tatu yake, shilingi 225,000. Pete yako ina gramu nne: dhahabu iliyomo ndani ni ya shilingi 900,000. Muuzaji anataka 1,450,000. Katika hiyo, kama bei inajumuisha VAT ya asilimia 18, serikali inachukua takriban 221,000. Inabaki kama 329,000 hivi, na hiyo ndiyo ya fundi, pango, taa, kiyoyozi, mlinzi, soda uliyokunywa na faida ya tajiri.

Ukiijua hesabu hiyo, unajua pa kushukia. Kupunguziwa bei ya dhahabu yenyewe ni kujisumbua, duka nalo limeinunua kwa bei ya siku. Ongea kwenye ufundi. Sema, "Bosi, dhahabu naona ni ya laki tisa, sina ubishi. Nipunguzie kwenye ujira." Mara nyingi nilikuwa na ruhusa ya kushuka sehemu fulani ya ujira huo, na nilishuka kwa waliouliza tu. Na ukipewa bei iliyo chini ya thamani ya dhahabu iliyomo, usifurahi. Hakuna sonara anayegawa dhahabu.

Mtego mmoja wa mizani unawapata hata watu wazoefu: jiwe kupimwa pamoja na pete, kisha gramu zote zikahesabiwa kama dhahabu. Jiwe la zirkonia, lile la kutengenezwa linalofanana na almasi, la kipenyo cha milimita nane lina uzito wa takriban gramu 0.7. Kwa bei yetu ya mfano, hapo umelipa zaidi ya shilingi laki moja na nusu kwa kioo cha elfu chache. Sema: "Toa uzito wa jiwe." Kama pete ipo nyingine ya aina hiyo isiyo na jiwe bado, zipimwe zote mbili.

Jiwe lenyewe

Mawe meupe mengi kwenye pete za bei ya kawaida ni zirkonia. Si dhambi, ilimradi bei inasema hivyo. Hupoteza mng'ao baada ya miaka michache kwa sababu kingo zake husagika. Almasi haisagiki, ndiyo ngumu kuliko mawe yote.

Almasi hatuioni kama jambo la ng'ambo sisi watu wa ukanda huu. Mgodi wa Mwadui uko hapo Shinyanga, mjiolojia wa Kanada John Williamson aliugundua mwaka 1940, na almasi ya waridi iliyotoka humo mwaka 1947, karati 54.5 kabla ya kuchongwa, alipewa Princess Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Karati ya jiwe, kumbuka, ni uzito: karati moja ni gramu 0.2. Haina uhusiano na karati ya dhahabu zaidi ya jina, na wauzaji wachanga huzichanganya mbele ya wateja.

Ukiuziwa almasi, taka cheti cha maabara, kama cha GIA, na taka kuona kwa lenzi namba ya cheti iliyochorwa kwenye ukingo wa jiwe, kama ipo. Ile kalamu ya umeme inayolia "pii" ikigusa almasi inalia pia kwa moisanaiti, jiwe jingine la kutengenezwa, maana zote hupitisha joto vizuri. Na siku hizi kuna almasi zinazotengenezwa maabara. Ni almasi kamili, ila bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya mgodini, kwa hiyo swali la kuuliza ni "ya mgodi au ya maabara?" na jibu liandikwe kwenye risiti.

Kwa upande wangu, mtu akiniomba ushauri namwelekeza kwenye tanzanaiti. Ilipatikana mwaka 1967 Mererani, Simanjiro, na jina lake lilitolewa mwaka uliofuata na Tiffany wa New York, waliojua kwamba jina lake la kitaalamu, "zoisaiti ya buluu," halimuuzii mtu kitu. Ndiyo nguvu ya duka la kifahari hiyo: jiwe letu, jina lao. Karibu zote huchomwa kwa joto ili buluu itoke. Hilo ni jambo la kawaida, usilione kama udanganyifu. Ila ni laini kuliko yakuti. Kwenye hereni au kidani itadumu vizuri. Kwenye pete ya mtu wa kazi za mikono itapata mikwaruzo, kwa hiyo taka iwe imezamishwa ndani ya ukingo wa dhahabu badala ya kusimama juu ya kucha nne.

Kuchongesha

Njia ya nafuu kuliko kabati la katikati ni kumpa fundi akuchongee. Nenda na picha na namba ya kidole. Malipo ya awali yasizidi nusu.

Kama unampa dhahabu yako ya zamani, hereni moja iliyopoteza mwenzake, kikuku cha bibi, basi ipimwe mbele yako, gramu na karati ziandikwe, nawe upige picha ya mizani. Kuna kupungua kidogo kwenye kuyeyusha na kupiga tupa, hilo ni halali. Kubalianeni kabla ni asilimia ngapi, na uliza habari ya unga: vumbi la dhahabu linalodondoka kwenye meza ya fundi ni mali. Mafundi wazuri hufagia meza yao kwa brashi maalumu na hawatupi hata kitambaa walichofutia mikono.

Dhahabu ghafi usiibebe. Jamaa yako akikwambia ana "kipande" cha kutoka Geita ambacho mnaweza kukigeuza pete, mkatalie. Dhahabu ghafi inauzwa kwenye masoko ya madini, kama lile la Geita lililofunguliwa mwaka 2019, kwa watu wenye leseni na kwa karatasi. Inakosafishwa napo panajulikana. Ilemela hapo kuna kiwanda alichokizindua Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Juni 2021. Kipande cha mfukoni kisicho na karatasi kinaweza kukulaza ndani, na vipande vingine vya namna hiyo wala si dhahabu.

Risiti

Taka risiti ya EFD, na taka pia karatasi ya duka yenye mambo manne: karati, gramu bila jiwe, aina ya jiwe na uzito wake, na masharti ya kurudisha. Kisha uliza swali ambalo wateja wengi huona aibu kuliuliza: "Nikirudi kuwauzia, mtanikata kiasi gani?" Jibu la haraka na lenye namba ni dalili nzuri. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, mshukuru kwa soda.

Maji kwenye kikombe

Ukifika nyumbani unaweza kupima mwenyewe kama una mizani ndogo ya dijitali yenye desimali mbili. Pima kito kikavu, andika. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, bonyeza irudi sifuri. Funga kito kwa uzi mwembamba, kizamishe kwenye maji kikiwa kinaning'inia, kisiguse chini wala pembeni. Tikisa viputo vya hewa vitoke. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa kwanza kwa huo.

Bangili ya gramu 12 ikikupa 0.67, jibu ni karibu 17.9, na karati 22 huwa kati ya 17 na 18. Karati 18 huangukia 15 hadi 16. Shaba ya njano ni kama 8.5, fedha ni kama 10. Ile cheni ya mdogo wangu ingenipa nane na ushee siku ya kwanza, kabla ya ukumbi, kabla ya picha. Jaribio hili linadanganya kwa kito chenye jiwe, na kwa cheni yenye uwazi ndani, ambayo hubeba hewa na kuonekana nyepesi hata ikiwa ya kweli.

Kuitunza

Maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo kidogo, mswaki laini wa mtoto. Basi. Dawa ya meno inakwaruza, na jiki huharibu dhahabu yenye mchanganyiko. Tanzanaiti usiitie kwenye mashine ya kuoshea kwa mitetemo ya sauti, inaweza kupasuka. Kila miezi sita pitia kwa sonara akukazie kucha za jiwe.

Na ivue kabla ya kuingia ziwani. Kidole kikipoa kinasinyaa, maji yanateleza, na pete iliyokuwa inabana mchana inatoka yenyewe bila kukuaga. Jumatatu moja asubuhi, kabla sijamaliza kupanga trei, aliingia bwana mmoja niliyemuuzia pete ya ndoa wiki mbili nyuma. Siku ile ya kwanza alikaa dukani saa nzima, akajaribu pete saba, akajitazama kwenye kioo mpaka mke wake mtarajiwa akacheka. Safari hii hakutazama kabati. Nywele zilikuwa bado mbichi kwa maji. Mke alikuwa Ukerewe kwa wazazi wake, anarudi na meli ya jioni. Alifunua pochi, akatoa risiti iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya kioo.

"Gramu nne na nusu," alisema. "Karati kumi na nane. Fundi wenu yupo?"